Bibi Amemzaa Mwenye Duka la Saruji

Nyumbani kwa Bibi, chumba cha mbele,
nyuma ya stoo ya mbao.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa nane.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo hapa ili uitikie, maana najua ukikosa nafasi ya kuitikia utasema kijana huyu hana adabu. Haya, umeitikia, naendelea.

U hali gani huko kwenye baridi? Mgongo unasemaje? Bado unafua mashuka ya hospitali nzima, au siku hizi wamekuletea mashine inayojua na kukunja? Sisi huku wazima, ukiondoa goti la Bibi ambalo sasa limekuwa mtabiri. Likiuma asubuhi, jioni mvua. Watu wa redio wangekuwa na akili wangeliajiri. Vinginevyo anakula, anasali, anagombana na kuku wa jirani. Afya yangu mimi usiniulize, waulize wasichana wa mtaa huu.

Viatu vilifika, ahsante sana. Ni vizuri na vinang'aa, ila umenunua kwa kumbukumbu. Yule uliyemwacha na miguu ile hayupo tena, Shangazi. Siku nyingine pima mguu wa mwanamume.

Utashangaa mimi kuandika barua ndefu. Darasani niliishia pale mwalimu alipoanza kuchanganya herufi na hesabu, nikaona huyu sasa ananichezea. Lakini kuandika naandika, tena mabango yote ya barabara hii ni mkono wangu: kinyozi, duka la dawa, fundi viti. Ukuta nikiupiga rangi mimi, nzi akitua anateleza. Simu ningekupigia, ila unaijua nyumba hii. Kuta zake zina masikio, na masikio yenyewe ni ya Bibi. Haya ninayokuandikia hayamfai yeye kuyasikia. Nimempa barua mwenzako wa kazini aliyekuja likizo, ataitia mfukoni na atakukabidhi mkononi.

Sasa kaa chini. Ni jambo la nyumba.

Unakumbuka zamani mtu hakuweza kuuza nyumba kimyakimya. Lazima aje mkaguzi wa ofisi ya ardhi, yule mama mwenye miwani ya kamba, aingie ndani, akae, amuulize kila anayelala humo: unajua kwamba inauzwa? Umeridhika? Ukitoka hapa unakwenda wapi? Akishasikia majibu ndipo anagonga muhuri, au hagongi. Watu walilalamika, na haki walikuwa nayo. Kaka anamgawia dada yake kipande cha uani, faili linakaa ofisini mpaka linaota uyoga. Basi mwaka huu serikali ikatoa msamaha. Mauziano ya ndugu kwa ndugu hayapiti tena kwa mkaguzi. Yanapita dirisha dogo la pembeni, karani anapokea, kwisha. Jirani yetu fundi seremala na dada yake walimaliza yao na chai bado ya moto. Tulishangilia wote, na mimi nilikuwa mbele.

Ila waliotunga msamaha huo sijui walikuwa wanaota kwa lugha gani. Yaani neno ndugu ndilo ufunguo? Kwa sisi? Huku polisi akikukamata anaanza na "ndugu yangu". Mwizi akizingirwa analia "ndugu zangu, nisameheni". Tena wameandika ndugu wa kuzaliwa au wa kulelewa. Na ushahidi wa undugu ni nini? Ni mzazi aulizwe mbele ya karani wa wakili, aseme kwa kinywa chake. Madalali walilala wakiwa madalali, wakaamka wakiwa wakunga. Kazi yao sasa ni kuzalisha ndugu.

Na kwetu wamezalisha mmoja.

Mdogo wako, ninayemwita Baba Mdogo ingawa mkubwa wake sijamwona, anataka lori. Ni muda sasa anaota lori. Akilala unamsikia anabadilisha gia. Hati ya nyumba ina jina lake, kama unavyojua, kwa sababu Babu alipofariki wewe ulishaondoka, na Bibi akasema mwanamume wa nyumba ashike karatasi. Kushika, Shangazi, si kuuza. Lakini mkono ukishika kitu muda mrefu unasahau ni cha nani.

Mnunuzi ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona. Sisi tunamwita Saruji, kwanza kwa sababu anaiuza, pili kwa sababu uso wake ukishakauka haubadiliki. Anataka abomoe, ajenge ghala la mabati.

Walikuja mchana mmoja, mimi nikiwa juu ya ngazi napiga chokaa dari ya sebule. Baba Mdogo mbele, Saruji nyuma na mkoba wa matunda, na kijana mmoja wa tai aliyejitambulisha kuwa karani wa wakili. Bibi alifurahi kuona watu. Unamjua, mgeni kwake ni dawa. Akawafutia viti kwa kanga yake mwenyewe.

"Mama, hatutakuchosha," karani akasema. "Huyu ni nani kwako?" Akamwonyesha Baba Mdogo.

"Huyu mwanangu. Kitinda mimba."

"Na huyu?" Akamwonyesha Saruji.

Bibi akacheka. Ngazi za mlangoni zilipobomoka, Saruji alimletea mfuko wa saruji na akakataa malipo, na tangu siku ile Bibi akimwona barabarani humwita vile anavyomwita kila mtu aliyewahi kumtendea jema, na wengi ambao hawajamtendea lolote. "Huyu naye mwanangu."

"Una hakika, mama?"

"Na wewe mwanangu, mbona huketi?"

Karani aliandika yale mawili ya mwanzo. Hilo la tatu hakuliandika. Mimi kule juu, mjanja wa mtaa mzima, nikatupa utani: "Bibi, huyu ulimzaa lini, mbona kakutangulia kitambi?" Wakacheka wote, na Saruji alicheka kuliko wote. Kidole cha Bibi kikachovywa kwenye wino. Wakamwambia ni karatasi ya kuthibitisha familia, na kusema kweli hawakumdanganya. Ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye wakaja vijana wawili na futi ya kupimia. Mmoja akachora alama ya kuvunja, nyekundu, kubwa kama mlango, kwenye ukuta wa mbele ambao nilikuwa nimeupaka wiki hiyohiyo. Kusema kweli kilichonipandisha hasira kwanza ni rangi. Nikamkaba shati, akaniambia niache, nyumba hii ni ya bosi wao, kauziwa na kaka yake. Ndipo chokaa ikanitoka machoni, nikaielewa ile karatasi ya kuthibitisha familia.

Nikamtafuta Baba Mdogo. Nilimkuta gereji, amesimama anatazama lori la mtu.

"Bibi hatalala nje," akasema kabla sijafungua mdomo. "Atapewa chumba nyuma ya ghala. Nimekwisha ongea na ndugu."

"Ndugu yupi?"

"Saruji." Akajisikia mwenyewe anavyosema, akawasha sigara upande wa kichungi.

Sikumtukana, Shangazi. Huyo ndiye aliyenifundisha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti mpaka pumzi zikamwishia. Simchukii. Ila sijaweza kula naye sahani moja tangu siku ile.

Kwa Saruji nilikwenda kwa miguu yangu, saa ambayo duka limejaa mafundi. Nikaingia kwa unyenyekevu mwingi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Nani baba yako mdogo?"

"Si wewe umezaliwa na Bibi? Mama yako anakusalimu. Anasema kesho zamu yako ya kumpeleka kliniki, lile goti. Na kaburi la baba yako majani yamelifunika, ndugu zako wamechoka kulipalilia peke yao."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha debe la misumari.

"Kijana, mimi si ndugu yako," akasema.

"Sema hivyohivyo kule ofisi ya ardhi. Kwa sauti hiyohiyo."

Uso ukakauka. Nilitoka natembea kama bingwa wa ndondi. Nilipofika kona ndipo nikakumbuka kwamba nimeshinda utani tu, nyumba bado yake.

Basi nikampeleka Bibi ofisini. Alivaa zile nguo zake za safari, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama ukosi wake umekaa sawa. Mkaguzi yupo bado, Shangazi, chumba kilekile, ila meza yake siku hizi nyeupe kama sahani iliyorambwa. Akatuambia mafaili ya ndugu hayamfikii. Yanapita dirisha dogo, na yeye huyaona yakipita kama mtu anayetazama mto. Lakini upo mlango mmoja. Undugu ukikanushwa kabla mwezi huu haujaisha, ama na mzazi mwenyewe ama na mtoto wa tumbo lake, faili linatolewa dirishani na kurudi mezani kwake. Naye atakuja nyumbani kuuliza kama zamani. Bibi akisema hataki, nyumba haiuzwi. Nyepesi hivyo.

Mkaguzi akawaita Baba Mdogo na Saruji na yule karani wa tai. Tukasimama wote mbele ya meza, mimi nimebeba mkoba wa Bibi.

"Mama, huyu ulimzaa?"

"Sikumzaa," Bibi akasema.

Karani akaruka. "Sheria inasema wa kuzaliwa au wa kulelewa. Na mama mwenyewe alimwita mwanawe, mashahidi tulikuwepo."

"Undugu ni kufaana, si kufanana," Saruji akaongeza, kwa upole kabisa.

Bibi akamgeukia. "Maneno hayo ni ya kweli, mwanangu. Ningeyafurahia zaidi ungeyasema bila futi ya kupimia mfukoni."

Mkaguzi akashika kalamu. "Basi mama, usihangaike na sheria. Niambie tu hivi: 'Huyu si mwanangu.' Naandika, tunakwenda nyumbani."

Bibi akaitazama ile kalamu. Feni ya ofisi ilikuwa inazunguka na kugonga mahali, kila mzunguko inagonga. Nikamwinamia nikamnong'oneza, Bibi, sema, ni neno tu. Akaniangalia kama nimemwomba ale udongo.

"Sijapata kumwambia mtu uso kwa uso kwamba wewe si mwanangu," akasema. "Nikianza leo, nitaishia kwa nani?"

Na akanishika mkono. Mkaguzi akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akavua ile miwani ya kamba akaiweka mezani.  Hata Saruji alitazama chini.

Unajua, Shangazi, na mtaa mzima unajua, ingawa tulishazoea kutoliongea. Mama yangu alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma. Asubuhi moja alikwenda kazini na hakurudi. Majirani wakaanza mkutano uani: mtoto apelekwe polisi, apelekwe kwa mchungaji, atafutwe mjomba. Bibi akatoka jikoni na mwiko, akaniambia, "Njoo ule, mwanangu." Mkutano ukavunjika. Hakuna karatasi, hakuna mahakama. Kuzaliwa kwangu kote katika nyumba ile ni maneno hayo matatu. Sasa nimwambie ayapunguzie uzito, aseme mbele ya meza ya serikali kwamba lilikuwa neno la mdomoni tu, analompa kila mtu? Analompa kila mtu, ndiyo. Lakini mimi nililichukua nikakaa nalo.

Tukarudi nyumbani. Bibi hakuulizia ukosi. Jioni alikaa mlangoni akaniuliza, "Hicho chumba cha nyuma ya ghala ni kimoja?" Nikasema kimoja. "Basi wewe utalala wapi?"  Nikamwambia fundi hodari halali, ana kazi usiku na mchana. Hakucheka. Siku hizi anapangusa vyombo ambavyo ni visafi, na anakaa upande ule wa ukumbi ambako ile alama nyekundu haionekani. Ningeifuta, lakini mkaguzi amesema isiguswe.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Safari hii ya karibu imekataa kunyanyuka, tunaiomba ya mbali.

Nilirudi kwa mkaguzi peke yangu, akanieleza vizuri mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya nimeelewa. Mtoto wa kulea mwenye karatasi ya mahakama ana nguvu yake. Asiye na karatasi anatambuliwa kwa neno la familia tu. Familia ikilikubali neno hilo kwa mmoja, itakuwa imekubali kwamba kwao neno linatosha, na Saruji ataingia kwa mlango uleule. Ukifungwa, unafungwa kwa wote. Nilimuuliza kama hakuna namna. Akasema, "Mwanangu, ningeijua ningekuambia." Halafu akajishika mdomo. Hata yeye.

Kwa hiyo Shangazi, wewe ni wa tumbo lake na unaweza kuandika. Nenda kwa wakili wa huko, uandike hivi: mama yangu amezaa watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, familia yetu haimtambui mtoto mwingine yeyote wa kulea, awe mkubwa au mdogo. Uishie hapo. Usiweke "isipokuwa". Nakujua, mkono wako utataka kuweka isipokuwa. Yule wakili wa Saruji atapita kwenye hiyo isipokuwa na lori lililojaa mabati. Wakikuuliza kijana anayelala chumba cha mbele ni nani, sema ni fundi rangi, amepanga.

Igongwe muhuri na uitume moja kwa moja kwa mkaguzi, isipite nyumbani. Bibi akiulizwa na mkaguzi kama anataka kuuza, hiyo atajibu, maana hapo hamkani mtu, anakataa tu kuhama. Mkaguzi akifika kwangu nitasema mimi mpangaji. Nimejaribu kwenye kioo, nakauka uso vizuri kuliko Saruji. Kitu kimoja tu nimemwomba, aniulizie uani, Bibi akiwa ndani.

Usinionee huruma, na usinipigie simu ya kulia. Mimi kazi ninayo, ngazi ninayo, na sura Mungu alinipa bila kupima. Pakitokea baadaye mambo ya urithi na mtu akaitoa hiyo karatasi yako aniwekee mbele, nitaisoma mwenyewe na nitasema ni ya kweli, niliiomba mimi. Ila mwezi usiishe, Shangazi. Hilo tu ndilo nakuomba kwa unyenyekevu, na unajua unyenyekevu kwangu hauji kila siku.

Wasalimie wanao. Yule mkubwa anayejifanya Kiswahili kimemtoka, mwambie bado namkumbuka alivyolilia pipi kwa Kiswahili fasaha. Msalimie na mumeo, naye nasikia theluji imemfundisha kupika. Jirani fundi seremala anakusalimu na anasema kabati lako bado analo. Bibi anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Baba Mdogo hakunituma salamu, lakini alipita dirishani nilipokuwa naandika akasimama kidogo, basi na zake nimezitia humu.

Mwenyezi Mungu akulinde ulipo, akupunguzie mashuka, akunyooshee mgongo, na siku atakayokurudisha akukutanishe na mlango huuhuu, uufungue kwa mkono wako na umkute Bibi nyuma yake.

Wako akupendaye,

mwanao, fundi rangi.
(Kwenye ile ya ofisi, andika hilo la pili peke yake.)